Dia

Neno lenyewe dogo. Huko Todmorden,
mji wa mawe na mvua uliobanwa bondeni,
kaskazini mwa Uingereza,
hulitamka kama mtu anayeshusha pumzi baada ya ngazi.
Dia.
Kwanza: bei imepanda, haishikiki.
Halafu: wewe, kipenzi changu.
Sisi haya tumeyatenga.
Ghali tumeliacha sokoni, mpenzi tukamwingiza ndani,
tukafunga mlango.
Wao wameyalaza kitanda kimoja
na asubuhi hawajui lipi limeamka.

Wilf Sutcliffe alijua la sokoni tu.
Siagi, dia. Makaa, dia mno.
Nauli ya basi hadi Halifax kwa daktari wa macho,
dia; akaenda kwa miguu, akarudi na malengelenge
na miwani ileile.
Alikuwa na daftari la jalada jekundu,
penseli imefungwa kwa uzi isije ikapotea,
na humo aliandika kila kilichoingia nyumbani
tangu siku ya harusi:
pete, pauni saba; keki, deni kwa shangazi.

Enid aliuza vifungo vya nguo katika soko la ndani,
meza ya tatu kutoka kwa muuza jibini.
Cha gamba la chaza na cha plastiki
alivitofautisha kwa kuvigonga jinoni.
Wateja walimwita dia bila kuwaza:
nipe vinne vya buluu, dia.
Kampuni ya gesi ilimwita dia,
juu kabisa ya karatasi, kabla ya kutishia kumkatia.
Benki nayo. Hata mtu asiyemjua, aliyeuza madirisha.
Mumewe, miaka arobaini na mmoja, hata siku moja.
Hakulalamika. Alisema tu, akihesabu chenji,
kwamba gesi inampenda kumshinda Wilf,
na muuza jibini akacheka hadi kisu kikamponyoka,
kikakata kipande cha kushiba watu wanne,
akamuuzia kwa bei ya mmoja.

Februari, hospitalini, akampelekea zabibu nyeusi.
Wilf akazitazama. Akamtazama yeye.
Kisha akatazama mahali fulani katikati
na kusema: Dia.
Akalala. Alfajiri hakuamka.

Wiki nzima Enid aliligonga neno lile jinoni.
Zabibu zilikuwa pauni tatu na nusu,
tena msimu wa baridi; inawezekana.
Lakini kwa bei sauti yake hupanda,
na pale ilishuka.
Au labda pumzi zilimwishia tu.
Akamuuliza muuguzi, alikuwa akitazama wapi?
Muuguzi hakuona, alikuwa akikunja mashuka.

Akafungua daftari kutafuta jina lake. Halimo.
Kuna herufi moja, E, kila Novemba:
glavu za E. Glavu za E. Glavu za E., za sufi.
Pembeni mwa kila kitu, mkate, kiberiti, stempu,
ameandika kwa mkono uliokereka, dia.
Pembeni mwa glavu hakuandika kitu.
Enid akalifunga, akachemsha maji ya chai,
akasahau kuitia majani.

Bwana Horsfall, mchonga mawe, hutoza kwa herufi.
Jina na tarehe ni lazima, hayo yana bei yake.
Zaidi ya hapo, pauni sita kila moja,
na neno lile, kwa tahajia yao, lina nne.
Enid akafungua pochi.
Nyuma ya bega lake akamsikia kabisa,
akilitamka lenyewe, kwa sauti ile ya kupanda.
"Chonga," akasema.
Horsfall akakuna kidevu kwa penseli:
likitangulia jina, mama, jiwe litasomeka kama barua.
"Na liwe barua."
Akalipa kwa noti na sarafu,
akahesabu chenji mara mbili.